Kupanda na Kupandishwa

Mingxia alikuwa amekwisha kuwaambia watu wa kijiji kizima, na wale aliowasahau waliambiwa na mama mkwe wake. Liangcai, mume wa huyu na mwana wa yule, angeonekana kwenye runinga Jumamosi jioni katika tamthilia ya ujana wa Mwenyekiti, mwasisi wa taifa, ile inayofuata baada ya taarifa ya habari. Si kuonekana kisogo tu kwa mbali, kama kijana wa kina Tang aliyewahi kukimbia na bendera katika filamu ya vita, mama yake akalazimika kusimama na kijiti kuwaonyesha watu ni yupi. Liangcai angeonekana uso. Alisema mwenyewe kwa simu, akiwa huko Zhejiang kwenye mji wa studio za filamu.

"Mama," alisema siku ile, na nyuma yake umati ulisikika ukivuma, "nimepanda jukwaani. Mimi niko juu, Mwenyekiti yuko chini ananitazama."

Mama yake, Bibi Runxiu, alikuwa ameketi kizingitini akikata vikonyo vya pilipili. Kisu kilisimama. "Umepanda," aliuliza, "au umepandishwa?"

Liangcai alicheka, akasema kuna tofauti gani, jukwaa si ni lile lile. Mtu akamwita huko aliko na simu ikakatika. Bibi aliendelea na pilipili zake. Kwa watu wa umri wake maneno hayo mawili hayakuwa ndugu hata kidogo: anayepanda huenda kwa miguu yake na hupigiwa makofi, anayepandishwa hushikwa kwapani na watu wawili. Lakini jioni ile, majirani walipomuuliza mwanawe anasemaje, aliwaambia la kwanza na la pili akalimeza.

Kusema kweli nyumba ile ilikuwa na njaa ya sifa. Tangu kiwanda cha viatu kule Guangdong kilipofungwa, Liangcai alikuwa mtu wa kuulizwa "Siku hizi uko wapi?" kwa sauti ile ambayo muulizaji hana haja ya jibu. Alikwenda kwenye filamu kwa sababu huko hawaulizi cheti. Unasimama foleni alfajiri na dalali anakuchagua kama anavyochagua kabichi, leo mkulima, kesho mchukuzi, keshokutwa maiti. Mingxia hakuwa amewaeleza watu hayo. Na Mama Kuang, mama wa kijana aliyetaka kumwoa binti yao Shuang, alipouliza siku ya kwanza baba wa binti anafanya kazi gani, Mingxia alijibu bila kupepesa kwamba yuko kwenye filamu.

Mama Kuang ana duka la vigae mjini, la ghorofa mbili. Si mwanamke wa kuridhika na jibu fupi. Aliuliza filamu gani, na Mingxia akasema atamwona mwenyewe, yuko na Mwenyekiti. Basi ikapangwa: Mama Kuang na mwanawe waje Jumamosi ile ile, watazame pamoja, kisha wazee wakubaliane siku ya harusi. Hivyo ndivyo Mingxia alivyojipalia makaa kwa mkono wake.

*

Liangcai aliwasili Jumamosi adhuhuri, begi begani, nywele zimenyolewa vibaya. Alimsalimu mama yake, akanywa maji, akauliza wageni ni wangapi. Alipoambiwa ni nusu ya kijiji pamoja na wakwe, alitoka nyuma ya nyumba na hakurudi.

Shuang ndiye aliyemkuta. Baba yake alikuwa juu ya banda la nguruwe, kwenye dishi, ameshika waya.

"Baba, unafanya nini?"

"Naangalia kama limekaa sawa."

"Lilikuwa sawa."

Alitazama waya mkononi, akamtazama binti yake, akashuka polepole. Shuang ni muuguzi, amezoea kuwatazama watu wazima wanaofanya ya kitoto na kunyamaza. Alimfuta baba yake kutu begani na kumwelekeza jikoni.

Mingxia alikuwa akikata nyama ya moshi, vipande vyembamba vya kuona jua, jinsi mtu anavyokata akiwa na wageni wa kupimwa nao. Liangcai alisimama karibu na jiko, akachukua kipande, akakirudisha.

"Mingxia. Humo ndani mimi si mkulima."

"Basi ni askari."

"Si askari."

Kisu kikasita juu ya ubao. "Usiniambie wewe ni Mjapani."

"Kabaila," alisema Liangcai. "Ninavikwa ile kofia ndefu ya karatasi, ya kuaibishwa. Wakulima wananipandisha jukwaani na kunizomea."

Mingxia aliliweka jambo hilo kwenye mizani yake ya ndani. Mjapani lingekuwa janga. Kabaila ni aibu, lakini ni aibu ya mtu wa nyumbani. Aliuliza kama anasema neno lolote, na mume wake akasema hasemi, anainamisha kichwa tu, ila kamera ilimsogelea karibu mno na kukaa. Alipokuwa kule aliona ni bahati. Wenzake wote walikuwa nukta, yeye peke yake ana uso. Lakini kwenye treni alimfikiria mama yake na ile picha ya Mwenyekiti ukutani, akamfikiria Mama Kuang, na kila kituo alitamani kushuka.

"Nilitaka kukuambia kwenye simu," alisema. "Ulikuwa umefurahi."

Hapo Mingxia angeweza kumpiga na mwiko, na hakuna ambaye angemlaumu. Badala yake alifanya kile ambacho wake wa wanaume wa aina hiyo wamejifunza kufanya: alitengeneza mpango. Alimwambia ajicheke yeye kwanza, kwa maana anayejicheka wa kwanza huwakatia wengine utamu. Kisha, watu wakiwa bado wanacheka, asimame aeleze jinsi mwongozaji alivyomchagua yeye kati ya umati mzima. Je, hakumchagua? Alimchagua. Kwa nini? Liangcai akasema ni kwa sababu alijua kuinama.

"Basi sema hivyo hivyo," alisema Mingxia. "Mwongozaji wa Beijing amekusifu. Hilo Mama Kuang atalisikia. Na mama usimwambie sasa, atakosa hamu ya kula."

*

Walikuja na vigoda vyao. Waliokosa nafasi sebuleni walisimama barazani na kuchungulia dirishani. Mama Kuang alipewa kiti chenye mgongo, na chai ya tangawizi yenye chumvi, ufuta na maharage ya kukaanga, akasifu maharage. Mwanawe aliketi nyuma yake karibu na Shuang, wote wawili wakijifanya wanatazama matangazo. Bibi Runxiu alikaa pale anapokaa siku zote, kwenye kigoda chini ya picha ya Mwenyekiti ambayo ameifuta vumbi kila asubuhi tangu alipoolewa, hata hakujua tena kama anaifuta kwa mapenzi au kwa woga. Alikuwa amevaa koti lake la buluu la sikukuu, limefungwa vifungo mpaka shingoni.

Xiao, jirani wa upande wa bwawa, aliingia na pakiti ya popoo za kutafuna na kuwagawia wanaume. Yeye na Liangcai walizaliwa mwaka mmoja, wakaoga bwawa moja, na tangu habari za tamthilia zisikike alikuwa hamwiti tena jina lake. "Nyota," alisema sasa, "tukikuona tusimame au tukae?"

"Kaeni," alisema Liangcai. "Mkisimama mtaficha runinga."

Watu walicheka, naye akacheka kwa sauti kuliko wote. Jasho lilikuwa limekwisha kumlowesha mgongo.

Tamthilia ilianza. Yule mwigizaji wa Mwenyekiti alipotokea, bado kijana, kanzu ndefu ya kijivu na mwavuli kwapani, sebule ilitulia kama watu walioingiliwa na mkubwa. Mzee mmoja alikivua kikofia chake bila kujua. Mwenyekiti alitembea kwenye matuta ya mpunga, akaketi na wakulima, akauliza kodi ya shamba, akakuna kidevu. Bibi Runxiu alitazama huku mikono yake imelala magotini. Mama Kuang alimnong'oneza Mingxia kwamba huyu wa safari hii anafanana naye sana, yule wa mwaka juzi alikuwa mnene. Mingxia akasema ndiyo, ndiyo, na hakusikia alichoambiwa.

Kisha pakaonekana uwanja mbele ya nyumba ya tambiko la mababu, jukwaa la mbao, mabango, na umati wa watu wenye mikuki. Ngoma ikapigwa. Watu wawili wakamleta wa tatu, wamemshika kwapani, wakampandisha. Kichwani alikuwa na kofia ya karatasi ndefu kama mkono wa mtu mzima, imeandikwa maandishi meusi. Kamera ilizunguka umati, ikamwona Mwenyekiti amesimama chini kati ya wakulima anatazama juu, ikafuata macho yake mpaka jukwaani, ikasogea, ikasogea tena.

Sebule ilichukua muda kuelewa. Wote walikuwa wakimtafuta Liangcai kwenye umati.

"Jamani," alisema Xiao hatimaye, "si ndiye yule wa kofia?"

Kicheko kilianzia dirishani na kuingia ndani. Liangcai alichelewa, mpango wa kujicheka wa kwanza ulikuwa umekwisha kumponyoka. Xiao akauliza huyu ndugu yetu amekula mpunga wa nani mpaka watu wakasirike hivi. Mwingine akamwambia kabaila Liangcai amrudishie shamba la babu yake, lile la karibu na daraja. Mama Kuang aliziba mdomo kwa kiganja, mabega yakimtikisika. Hata Shuang alicheka, kisha akamwona mama yake na kuacha.

Bibi Runxiu hakucheka, na kwa kuwa alikuwa amekaa chini ya picha, nyuma kidogo ya wengine, hakuna aliyemwona. Kwenye runinga mwanawe alikuwa ameinamisha shingo mpaka kofia ikaelekea mbele. Nywele za kisogoni zilikuwa zimeanza mvi. Bibi alimtazama jinsi mtu anavyotazama barua yake ikisomwa hadharani na mtu mwingine.

Mingxia alimkanyaga mume wake mguu. Ndipo Liangcai aliposimama.

"Chekeni," alisema, "lakini mnajua tulikuwa wangapi kwenye foleni? Uwanja mzima. Mwongozaji alimpandisha wa kwanza, akasema inama. Akainama kama mtu aliyedondosha funguo. Akasema toka. Wa pili akainama kama anasalimia wakwe. Toka. Akapita na foleni yote, amekasirika, mvua inakuja. Ikafika zamu yangu. Nikasimama tu, hata hakuwahi kusema neno. Akaja mwenyewe mpaka jukwaani, mtu wa Beijing, akaniuliza, mzee, nani amekufundisha kusimama hivi?"

Watu walikuwa wakimsikiliza sasa. Mama Kuang alikuwa ameshusha kiganja. Liangcai aliona inakwenda vizuri, na mtu aliyekaa miaka bila kusikilizwa akisikilizwa hujisahau. Alisogeza kigoda kwa mguu akapata nafasi, na akasimama vile vile mbele ya runinga. Shingo ilishuka. Mabega yaliingia ndani. Miguu ilibanana, na mikono ilining'inia kwenye mshono wa suruali.

"Nikamwambia, mama yangu," alisema akiwa ameinama hivyo. "Nilikuwa mdogo. Mama alikuwa akiitwa ofisi ya kikosi cha kazi cha kijiji, nami nikimngoja mlangoni, na kila mara alisimama hivi. Hivi hivi, mbele ya baba yake Xiao..."

Neno lilimfikia masikioni mwake mwenyewe likiwa limekwisha toka. Alikuwa hajawahi kulisema kwa sauti. Alikuwa ameliweka tu, kama mtoto anavyoweka kitu alichookota bila kujua ni cha nini, na sasa amelitoa mbele ya wageni, na wazee wa kijiji waliokuwa sebuleni walilitambua mara moja. Wote wakatazama sakafu. Waliojua walikuwa wamejua siku zote. Runxiu aliolewa kutoka wilaya nyingine, na kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Walikuwa wamekubaliana bila kikao kwamba watu wakifa na nyakati zikibadilika, kamba ile isitajwe. Liangcai alikuwa ameumwaga mtama wote kwenye kuku wengi, na bado alikuwa ameinama, hajui ajiinue vipi.

Xiao aliacha kutafuna. Popoo ilimkaa shavuni. Marehemu baba yake alikuwa kiongozi wa kikosi, mtu wa sauti kubwa, na Xiao alikuwa amezoea kusimulia habari zake kwa fahari.

Mama Kuang peke yake hakuelewa. Yeye ni mtu wa mjini. "Bibi aliitwa ofisini kwa ajili gani?" aliuliza, kwa wema kabisa.

Runinga iliendelea kuzomea peke yake.

"Kwa ajili ya baba yangu," alisema Bibi Runxiu. Hakupandisha sauti. Alikuwa akimtazama mwanawe, si mgeni. "Na mikono haikai hivyo, Liangcai. Vidole vinanyooka. Ukivikunja walisema unaficha ngumi."

Liangcai alivinyoosha vidole. Alifanya hivyo kabla ya kufikiri, jinsi mtoto anavyofanya akiambiwa na mama yake, na mle ndani hapakuwa na mtu ambaye hakutamani kuwa nyumbani kwake.

*

Harusi haikuvunjika, niliseme hilo mapema ili msomaji asikae roho juu. Mama Kuang alipoelewa kwamba baba yake Bibi alikuwa kabaila, na Mingxia ndiye aliyemnong'oneza, uso ukimwaka, alipunga mkono kama anafukuza nzi. "Siku hizi nani anajali mambo hayo, Bibi," alisema. "Huko kwetu mtu akiwa na babu kabaila anajisifu, anasema ndiyo maana ana akili ya biashara. Kula mbegu za alizeti." Akamsogezea sahani. Kabla ya kuondoka alitaja siku ya harusi mwenyewe, mwezi wa kumi, na akasema baba wa binti ni mtu wa kuchekesha, atafaa kutoa hotuba.

Mingxia alimsindikiza mpaka barabarani akishukuru, na machozi yalimtoka aliporudi, ya kufarijika. Hakuona kwamba maneno yale ya kufukuza nzi yalikuwa yamemwumiza mama mkwe wake kuliko kicheko chote. Tangu utotoni Bibi Runxiu amechagua njia za kupita, amechagua maneno, amewadanganya watoto wake kwamba babu yao alikufa kwa homa. Amefuta vumbi. Ameogopa mpaka woga umekuwa kama kiungo. Na sasa anaambiwa na mwanamke wa vigae kwamba hakuna anayejali, na ni kweli hakuna anayejali. Aliona aibu ya kuwa binti wa baba yake, akaona aibu ya kumficha, na juu yake ikaja hii ya tatu, ya mtu aliyejificha mvua mpaka usiku kumbe ilikwisha kukatika tangu mchana.

Majirani walitoka mmoja mmoja, wamebeba vigoda. Xiao alikuwa wa mwisho. Alisimama kwenye mlango, mwili mkubwa, hajui mikono aiweke wapi.

"Shangazi," alisema. "Baba yangu..."

Bibi alimngoja. Xiao alikuwa amekuja na utani mwingi jioni ile na wote ulikuwa umemwishia.

"Umesahau popoo zako," alisema Bibi. Aliichukua pakiti mezani, akamwekea mkononi, akamfungulia mlango.

*

Kesho yake Liangcai aliamka mapema akaenda kulima mahali pasipohitaji kulimwa. Alirudi, akasafisha banda la nguruwe. Alimwona mama yake akipita na ndoo, akageukia ukutani kama mtu anayetafuta ufa. Angesema samahani kwa lipi? Kwa kuigiza, au kwa kukumbuka? Kilichomchoma zaidi ni kwamba kule jukwaani, mwongozaji alipomsifu, alifurahi. Alikuwa ameuchukua unyonge wa mama yake, akaupeleka Zhejiang kama mzigo wa sokoni, na umenunuliwa.

Mchana Mingxia alimtuma amwite mama kwa chakula. Alimkuta sebuleni, peke yake, runinga inawaka. Bibi Runxiu hajawahi kushika rimoti. Alikuwa amemwomba Shuang amtafutie chaneli kabla hajaenda kazini. Walikuwa wakirudia sehemu ya jana. Alikuwa amekihamisha kigoda chake kutoka chini ya picha mpaka karibu na kioo cha runinga, karibu mno, magoti yakigusa meza. Kwenye runinga ngoma ilikuwa imeanza, na wale wawili walikuwa wakimleta mtu wao.

Liangcai alikwenda haraka, akanyoosha mkono kwenye kitufe.

"Acha," alisema mama yake. "Bado hajashuka."

Mkono ukarudi. Alichuchumaa kando ya kigoda, na wote wawili wakamtazama yule mwenye kofia. Bila watu wa kucheka, tukio lilikuwa fupi. Kofia ikainama, umati ukapiga kelele, kamera ikakaa. Kisha Mwenyekiti akageuka, akafungua mwavuli wake, akaondoka na wenzake kwenye njia ya kando ya mto wakizungumza habari za baadaye. Bibi alingoja. Ukaja mto, ukaja muziki, zikaja barua zinazosomwa kwa mshumaa. Jukwaa halikurudi.

"Hawaonyeshi," alisema.

"Nini, Mama?"

"Kushuka kwake. Jana pia nilingoja." Aliukunjua mkono wake gotini, akavinyoosha vidole, akaviangalia. "Nilikuambia babu yako alikufa kwa homa. Alipandishwa asubuhi. Mvua ikanyesha, maandishi ya kofia yakamchuruzika usoni, watoto tukaona kama analia wino. Mimi niliambiwa nirudi nyumbani. Sikumwona akishuka."

Jikoni Mingxia aligonga sufuria kuwakumbusha kuwa chakula kinapoa.

"Wewe walikushusha?" aliuliza mama yake.

"Walinishusha, Mama."

"Vipi?"

"Mmoja wa wale walionishika alinipa mkono, maana ngazi ilikuwa inacheza. Yule kijana wa Henan. Akaniambia, mzee, angalia hatua. Wakanivua kofia, wakaniambia nikae kivulini."

"Walikupa kitu?"

"Sanduku la chakula. Wali na kabichi. Na yai la kukaanga, kwa sababu kamera ilinikaa."

Bibi Runxiu alifikiri. Alikuwa akimtazama mwanawe usoni sasa, kwa makini, kama anahakikisha.

"Yai zima?"

"Zima, Mama. Nikalila lote."

Aliitikia kwa kichwa, mara moja, halafu tena. Alishika bega la mwanawe akajiinua kutoka kigodani, na hakuliachia bega mara baada ya kusimama.

"Basi," alisema, "sasa zima na hiyo runinga, twende tukale."